Mkono Ndani ya Jiko

Jiko la udongo huchakaa kuanzia ndani. Ukilitazama ukiwa umesimama mlangoni utaliona zima: limesilibwa vizuri, ukuta hauna doa, sufuria imekaa mahali pake. Lakini mpishi anajua. Kuni zile zile zilizokuwa zikiivisha maharage sasa hazitoshi, moshi unarudi kupitia mdomoni, na sufuria imezama kidogo. Piga magoti, ingiza mkono jiko likiwa limepoa, na vidole vitakueleza: vinundu vitatu vinavyobeba sufuria vimelika, njia ya moto imepanuka, na ufa umepanda kutoka mdomoni hadi juu.

Mtu anayeingiza mkono huo ndiye ninayetaka kumsifu. Mugoma, wilayani Ngara, kama ilivyo kwingi Kagera, mara nyingi huyo ni mama mwenye nyumba. Hana cheti wala bango barabarani. Miradi ya majiko banifu huhesabu majiko yaliyojengwa, na picha hupigwa siku ya kukabidhi. Ila jiko halibani kuni kwa sababu lilijengwa. Linabana kuni kwa vipimo vyake vya ndani, na vipimo hivyo moto unavila kila siku.

Chukua nafasi iliyoachwa kati ya sufuria na ukuta unaoizunguka. Inatakiwa iwe upana wa kidole hivi. Ikizidi, joto linapita pembeni na kwenda zake darini. Ikipungua, moto unakosa pumzi na moshi unatafuta macho ya mpishi. Kinachoshika nafasi hiyo ni vile vinundu, na hakuna kitu jikoni kinachoteswa kama hivyo. Sufuria ya ugali wa muhogo inasukumwa na kuvutwa, mwiko unabanwa kwa mikono miwili, na uzito wote unaishia kwenye vidonge vitatu vya udongo vilivyo katikati ya ndimi za moto. Vikishuka nusu kidole tu, jiko limeshageuka jiko lingine. Tena jiko zito la udongo lililochakaa linaweza kula kuni kuliko mafiga matatu ya kawaida, maana ukuta mnene unakunywa joto kabla sufuria haijapata lake.

Ukarabati huanza kwa kubomoa. Masizi yanakwanguliwa, vipande vinavyocheza vinang'olewa, na ufa, badala ya kuzibwa juu juu, unachimbwa kwa ncha ya kisu mpaka upate kina cha kushika udongo mpya. Wengi huharakisha hapa. Uso wa ndani uliopigwa na moto muda mrefu si udongo tena, umeshaiva. Hata ukiumwagia maji haulainiki. Udongo mbichi ukibandikwa juu yake bila kuulowesha kwanza, ukuta unanyonya maji yote, kiraka kinasinyaa, na baada ya siku mbili tatu kinaangukia kwenye jivu. Ndiyo maana mama mkwe humwambia mke wa mwanawe, "Nywesha ukuta kwanza, mwanangu." Ukuta unanyweshwa na kunyweshwa tena, unachanjwa chale, unapakwa uji mwepesi wa udongo, ndipo donge lenyewe lisukumwe ndani kwa kidole gumba hadi hewa yote itoke.

Na donge hilo si tope lolote. Udongo mzuri ni wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wameupandisha punje kwa punje kutoka chini na kuziacha changarawe huko huko. Peke yake unanata mno, na udongo unaonata mno hupasuka ukikauka. Unatiwa mchanga ili usisinyae sana, na nyasi kavu zilizokatwakatwa, pengine na samadi ya ng'ombe. Nyasi hizo zina kazi mbili, na hapo ndipo ninapoustaajabia ujuzi huu. Udongo unapokauka, zinaushika usiachane. Moto ukizifikia, zinaungua na kuacha vitundu vidogo vyenye hewa, na hewa hiyo inalizuia joto lisipotelee ukutani. Wafinyanzi wana mbinu nyingine inayofaa hapa pia: kutwanga vigae vya chungu kilichovunjika na kuvichanganya na udongo mpya, maana kilichokwisha kuiva hakisinyai mara ya pili.

Vinundu vinaundwa kwa sufuria ya nyumba ile ile, si kwa rula. Sufuria inakalishwa juu ya udongo ungali laini, inazungushwa kidogo, inatiwa maji kiasi ili ionekane kama imelala sawa. Kidole kinapitishwa pembeni pande zote. Kisha jiko linaachwa likauke polepole, limefunikwa majani ya mgomba, na familia inapikia nje. Moto wa kwanza ni wa vijiti vyembamba tu, bila sufuria. Asiyeweza kusubiri atarudia kazi yote.

Ngara inaujua uzito wa kuni. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, wakapiga kambi Benaco, humo humo Ngara. Kila familia ilihitaji moto wa kupikia maharage makavu ya msaada, na maharage makavu hayana haraka. Miti ya jirani ikaisha, safari za kuni zikarefuka. Katika kambi za namna hiyo majiko ya udongo yalifundishwa sana, na faida yake kubwa naiona hapa: kiraka chake kimo chini ya miguu yako. Magharibi mwa Kenya, jiko la Upesi huwa na kigae cha ndani kilichochomwa na wafinyanzi. Kikivunjika unabomoa udongo unaokizunguka na kutafuta kingine. Ni jiko zuri, ila linamtaka mfinyanzi awe karibu na fedha iwe mkononi.

Leo Rusumo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80, wa Tanzania, Rwanda na Burundi, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Lakini gesi haijafika kila mlima, na anayepikia kuni jioni hii anastahili jiko lisilomvutia moshi kifuani.

Basi wanaofundisha kujenga majiko warudi miezi sita baadaye, wapige magoti, waingize mkono, na wamlipe mama anayejua kukarabati ili awafundishe majirani zake. Wapange safari hiyo kati ya Juni na Agosti. Mvua zikishaanza, kiraka hakikauki.