Kibanda cha Asili, Ufunguo wa Nani?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu tulifundishwa methali hii kama sifa ya ukarimu. Lakini ndani yake kuna sharti: ujio wa mgeni umwache mwenyeji katika hali nzuri zaidi. Katika insha hii natumia sharti hilo kuhakiki malazi yanayoitwa “ya asili” katika hifadhi za wanyama.

Mfano unaojulikana ni hoteli ya Mara Serena, Kenya, ambayo vyumba vyake vimeigwa umbo la nyumba za Wamasai. Nyumba yenyewe ya Kimasai hujengwa na wanawake kwa fito, nyasi, udongo na samadi ya ng’ombe. Ni fupi, ina giza na moshi, na mtu mzima huinama kuingia. Sidai kwamba mtalii alazwe kwenye moshi. Ninachosema ni kwamba kilichochukuliwa hapo ni umbo, na umbo pekee halitoshi kuipa nyumba jina la asili. Ujuzi wa mama mjenzi na haki yake juu ya nyumba aliyoijenga havikusafiri pamoja na umbo hilo.

Linganisha na Il Ngwesi, Laikipia. Nyumba hii ya wageni ilifunguliwa mwaka 1996, ikajengwa kwa miti na nyasi, nayo ni mali ya jamii ya Wamasai wa hapo. Wenyeji ndio wanaoiendesha, na mapato yake husaidia mambo kama elimu na afya. Mgeni anayelala pale analala kwa mwenye nyumba. Kwangu mimi, hapo ndipo neno “asili” linapopata maana.

Wapo watakaosema kwamba nadai mambo ya kale yasibadilike. La hasha. Katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994, mapaa ya vibanda vya wageni yameundwa kukinga maji ya mvua, na vyoo havitumii maji. Mababu hawakujenga hivyo. Hata hivyo, wavuvi wa huko walifunzwa wakawa walinzi wa matumbawe, na ujuzi wao wa bahari ukapata kazi mpya. Asili inaweza kubadilika sura bila kumtupa mwenyewe.

Sasa tuje Chisenga, kusini mwa Ziwa Mweru, karibu na pale Mto Luapula unapoingia ziwani. Huku kibanda cha matete na nyasi hakijawa pambo. Mvuvi hulala humo akisubiri nyavu zake. Mashariki yetu, katika mkoa huohuo wa Luapula, ipo Hifadhi ya Taifa ya Lusenga Plain, na wakija wageni wengi siku moja, bila shaka atatokea mtu wa kuwauzia usiku mmoja “kama mvuvi”.

Wazo lenyewe si baya. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa Ziwa Mweru ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mvuvi hulinda samaki kwa kukaa bila kazi yake, na familia hubana matumizi. Fedha ya wageni ingeweza kuziba pengo hilo. Lakini Desemba hadi Februari ni masika, ardhi imelowa na wageni ni wachache. Fedha hiyo ingetoka kiangazi na kuwekwa akiba hadi uvuvi ufungwe. Mwenye hoteli wa mbali hana sababu ya kuweka akiba hiyo. Ushirika wa wavuvi unayo.

Kwa hiyo, kabla ya kusifu paa la nyasi, tuulize ufunguo wa kibanda unakaa kwa nani, na Januari mwenyeji atakula nini. Malazi yasiyoweza kujibu maswali hayo yana sura ya kwetu, lakini methali yetu hayajaitimiza.