‘Naogopa kuchoma’: Je, mtafiti alisikia nini hasa?

Tasnifu nyingi za elimu zinazopita mezani pangu siku hizi zinafanana. Sura ya tatu inatangaza kwamba mtafiti ametumia mkabala wa kimaelezo, au wa kithamano kama wengine wapendavyo kuuita. Hakwenda shuleni kuhesabu vichwa, alikwenda kusikiliza. Vyema. Lakini ukifika sura ya nne, mahali ambapo walimu na wanafunzi wanatarajiwa kusema, unakuta wote wanaongea Kiingereza kile kile cha vitabuni. Mtoto wa Gredi ya 5 kutoka Buruburu anasikika sawasawa na afisa wa wizara. Jamani, mtoto huyu alisema hivyo kweli?

Chukua rasimu moja niliyoisoma. Ilitaka kujua kwa nini wanafunzi wa shule moja ya Eastlands hawainui mikono darasani. Mtoto mmoja alinukuliwa kwa Kiingereza akisema kwamba anaogopa kuchomwa. Mwandishi akaiweka kauli hiyo chini ya mada ya ‘hofu ya adhabu’, kisha akapendekeza walimu wahimizwe kuacha viboko. Bahati nzuri alikuwa ameambatisha unukuzi wa mahojiano nyuma. Nilipoufungua, nikayaona maneno yenyewe: “Naogopa kuchoma.”

Mkazi yeyote wa Buru, awe wa Phase 1 au wa Phase 5, anajua maana ya maneno hayo. Katika Kiswahili sanifu kitenzi ‘choma’ kinadai shamirisho: unachoma mahindi, unachoma taka. Katika Sheng shamirisho hilo limeanguka, na anayeungua ni msemaji mwenyewe. “Umechoma!” maana yake umejiaibisha: umetamka neno vibaya, umechanganya r na l, umejibu kitu ambacho darasa zima linajua si chenyewe. Mtoto yule hakuwa akiogopa kiboko. Alikuwa akiogopa kicheko.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 tayari inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi. Pendekezo la rasimu ile lingezaa waraka mwingine wa kuwakumbusha walimu yale yale wanayoyajua, na mtoto angebaki kimya vilevile. Dawa ya kicheko ni nyingine kabisa. Inahusu namna mwalimu anavyolipokea kosa mbele ya wanafunzi hamsini, kama anamruhusu mtoto kujaribu kwanza kwa lugha aliyo nayo, na kama kicheko chenyewe kinaanzia kwa wenzake au kwa mwalimu. Ukikosea neno moja, unaagiza dawa ya ugonjwa mwingine.

Sidharau takwimu. Mpango wa Uwezo, ambao umewapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda manyumbani mwao, umetuonyesha bila kuficha kwamba wengi wanapanda madarasa bila kumudu kusoma hadithi fupi. Tarakimu hizo zilitushtua, na zilistahili kutushtua. Ila tarakimu hukwambia ni wangapi wamekwama. Haikwambii walikwamia wapi wala walijisikiaje. Kazi hiyo ndiyo ya utafiti wa kimaelezo, na mtaji wake wote ni maneno. Mtafiti wa tarakimu anayebadilisha tarakimu zake huitwa mwongo. Huyu anayebadilisha maneno tunampa shahada.

Tena tukumbuke tunamhoji nani. Ngũgĩ wa Thiong’o ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi wanafunzi wa enzi za ukoloni walivyovishwa kibati shingoni kwa kosa la kuongea Gikuyu shuleni. Katika shule zetu nyingi desturi ya kumwadhibu mtoto kwa lugha yake iliendelea baada ya bendera kubadilishwa. Kwa hiyo mtu mzima anapokuja na daftari, akaketi katika ofisi ya mwalimu mkuu na kuuliza maswali kwa Kiingereza, mtoto anajua cha kufanya: anatoa jibu la mtihani. “Shule yetu ni nzuri. Walimu wanatufunza vizuri.” Mtafiti anafunga daftari akidhani amesikiliza.

Wenzangu wa idara za Kiswahili wasishangilie mapema. Sisi nasi tuna ugonjwa wetu. Mtahiniwa wetu angeyapokea maneno yale na kuyasanifisha papo hapo: “Ninahofia kufedheheka.” Kiswahili safi, ndiyo, lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja hasemi hivyo Buruburu wala Unguja. Kumsahihisha shahidi si kazi ya mtafiti.

Nitaambiwa kwamba chuo kinadai Kiingereza na kwamba Sheng hubadilika kila mwaka. Sawa. Basi kauli ya mtoto na ichapishwe kama ilivyotoka kinywani mwake, tafsiri ifuate chini yake, na msomaji apime mwenyewe. Na kwa kuwa Sheng hubadilika, ndiyo sababu zaidi ya kuinukuu na kuandika mwaka. Kisha, kabla mapendekezo hayajaandikwa, mtafiti arudi shuleni, awasomee waliohojiwa alichoelewa. Kwa maneno yale mawili, darasa lingemsahihisha kwa dakika moja, tena bila malipo.

Nasi wasimamizi na watahini tuna la kufanya. Tuudai unukuzi wa lugha asilia kama tunavyodai majedwali, na tuusome. Tasnifu isiyo nao irudishwe. Shule haiwezi kuboreshwa kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema ndani yake.