Konda Hamjui Asha

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha tatu aihamishe hadithi kutoka nafsi ya tatu kwenda nafsi ya kwanza, uone atakavyoanza kuwinda vitenzi. Alisimama inakuwa nilisimama, alimtazama inakuwa alinitazama, na kabla kengele haijalia daftari limeshafika mezani kwa mwalimu. Sarufi haina kasoro. Hadithi nayo imebaki ileile.

Tuchukue aya ya mazoezi iliyokwisha kugeuzwa hivyo: "Nilisimama kituoni. Konda alinitazama kwa dharau kwa kuwa alijua sitampa faida. Bibi aliyekaa nyuma ya dereva alinionea huruma."

Hapa mwalimu hana haja ya kutoa mhadhara juu ya aina za wasimulizi. Aandike pembeni neno moja tu: Umejuaje? Asha, anayesimulia, yuko chini, konda yuko mlangoni, bibi yuko ndani ya daladala. Yaliyomo kichwani mwa konda yamemfikiaje Asha? Anachoweza ni kuuona mkono uliozuia mlango, kuisikia sauti ikisema "Denti wawili tu!", kisha kukisia. Na kukisia huko ndiko kwenye utamu, maana anaweza kukosea.

Mwanafunzi hana lawama kubwa. Amekulia kwenye ngano, na fanani wa ngano hujua Sungura anapanga nini na Fisi ana njaa kiasi gani, wala hakuna anayemkatiza kumuuliza amejuaje. Wa kulaumiwa zaidi ni maswali ya mtihani yanayoishia kwenye "taja nafsi iliyotumika". Mimi ningeyaongezea nusu ya pili: taja jambo moja ambalo msimulizi huyu hawezi kulijua.

Baada ya hapo tukio lilelile linakabidhiwa kwa konda, kwa sharti kwamba asimsemee mtu mwingine moyoni:

"Denti wanne, siti zimejaa, na hesabu ya tajiri haijafika hata nusu. Nikaweka mkono mlangoni. Wawili wakapenya. Yule wa tatu, mwenye sketi ya buluu, akaninyooshea mia mbili yake utadhani mimi ndiye niliyepanga nauli. Nikagonga bati, gari likaondoka."

Asha ametoweka. Konda hamjui kwa jina, hajui kama ana mtihani, na hakumbuki uso wake. Amekumbuka sketi na sarafu. Dharau nayo haionekani popote, kwa sababu ndani ya kichwa chake hakuna dharau, kuna hesabu. Darasa lililokuwa limeshamhukumu linaanza kubishana, na ubishi huo una thamani kuliko ufafanuzi wowote ubaoni.

Zamu ya bibi ndiyo ngumu, na ndiyo isiyofaa kurukwa. Yeye anaandikwa kwa nafsi ya tatu: "Bibi aliona mkono tu, umeshika bomba la mlango. Nje sauti ya mtoto ikasema, 'Shikamoo anko, nina mtihani.' Akainama apate kumwona, lakini mabega ya abiria yalikuwa yameziba." Kiambishi ni kilekile cha fanani, lakini msimulizi huyu amefungwa kwenye kiti kimoja. Kumbe nafsi ya tatu inaweza kujua kidogo kama nafsi ya kwanza. Wanafunzi wengi hushtuka hapa, maana wamezoea kuamini kwamba nafsi ya tatu ni ruhusa ya kuingia kila kichwa.

Darasa likishaonja hayo, hadithi ya Ryunosuke Akutagawa, "Yabu no Naka", haitalishinda. Mjapani huyo aliitoa mwaka 1922: mtu ameuawa kichakani, na tunapewa maelezo 7, moja baada ya jingine, pasipo msimulizi wa kuyaunganisha wala hakimu wa kuamua. Ajabu yake ni kwamba watu 3 wanakiri. Jambazi anasema amemuua yeye, mke anasema ni yeye, na marehemu, kwa kinywa cha mganga wa mizimu, anasema alijiua. Mwalimu akiuliza "Nani muuaji?" somo limeharibika, darasa linageuka mahakama. Swali lenye faida ni: kila mmoja anapata nini kwa kusimulia hivi? Jambazi anadai mpinzani wake alihimili mapigo 23 ya upanga, na kwamba hakuna mwingine aliyewahi kufika hata 20. Anamsifu marehemu ili sifa zimrudie yeye aliyemshinda. Idadi ile moja imebeba majivuno yake yote.

Filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1950, "Rashomon", iliyotokana na hadithi hiyo, ilimpa mkata kuni ushuhuda wa ziada wa tukio lenyewe, ilhali katika hadithi yeye aliikuta maiti tu. Ningeionyesha mwishoni, kisha niulize nyongeza hiyo imeongeza nini na imepunguza nini. Kwa maoni yangu imetupunguzia upweke wa kubaki na maelezo 7 bila wa kumkimbilia.

Limebaki suala la kusahihisha, ambalo huangusha kazi nzima. Mwanafunzi akimpa konda maneno ya mtaani, wino mwekundu hupita juu ya "denti" na "siti", pembeni pakaandikwa "tumia Kiswahili sanifu". Konda akisema "mwanafunzi wa kike alinikabidhi nauli yake", si konda tena, ni mwalimu aliyepanda daladala. Lugha ya mtaani ibaki kwenye aya yake. Lakini msimulizi wa bibi akisema "denti", hapo wino una haki yake, na maandishi ya pembeni yawe swali: neno hili ni la nani?