Kuabiri si kupanda: Maana tatu za kitenzi 'abiri'

Juzi nilimsikia mtangazaji mmoja wa redio akisema kwamba watu kadhaa walijeruhiwa "walipokuwa wakiabiri" matatu. Nilibaki na swali: je, gari lilikuwa limesimama stejini watu wakiingia, au lilikuwa barabarani nao wameketi ndani? Taarifa iliishia hapo.

Kitenzi 'abiri' kina asili ya Kiarabu na mzizi wake unabeba dhana ya kuvuka, hasa kuvuka maji. Kwa maana hiyo ya awali, kinachoabiriwa ni mto au bahari, wala si chombo. Anayetoka Likoni kwenda kisiwani Mombasa kwa feri anaabiri mkono wa bahari wa Kilindini. Hapo ndipo tulipopata 'abiria' na 'abirisha'. Hata 'tabiri' ni ndugu yao. Katika Kiarabu, kufasiri ndoto ni kama kuvuka kutoka kwenye ishara hadi kwenye maana.

Maana ya pili ni kusafiri kwa chombo chochote, kiwe cha majini, cha nchi kavu au cha angani. Upanuzi huu sina ugomvi nao. Ikiwa aliyeketi ndani ya basi la kwenda Kisumu ni abiria, kwa nini tumnyime kitenzi chake?

Maana ya tatu ndiyo inayonikera: 'abiri' kutumiwa badala ya 'panda'. Mathalani, mtu huandika, "Aliabiri basi saa mbili, akashuka saa nane." Yamkini waandishi hao huona 'panda' ni neno la mtaani, ilhali 'abiri' lina hadhi. La hasha! 'Panda' ni Kiswahili sanifu na lina kinyume chake, 'shuka'. Kinyume cha 'abiri' ni kipi? Hakipo, kwa sababu kuabiri ni safari yenyewe, si hatua ya mlangoni.

Kuna watakaosema kwamba muktadha hutatua utata huo. Wakati mwingine hutatua, lakini si katika habari za ajali. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Anayesimulia mkasa wa aina hiyo kwa kusema tu kwamba watu "walikuwa wakiabiri" anaficha jambo ambalo wachunguzi, mahakama na jamaa za marehemu huuliza kwanza: chombo kilikuwa bado gatini au kilikuwa kimeng'oa nanga? Neno moja lililochaguliwa kwa sababu ya mvuto wake linaweza kupotosha ushahidi.

Wanahabari, na hasa walimu wanaowasahihishia wanafunzi insha, wakumbuke mfuatano huu: msafiri hupanda chombo, huabiri, kisha hushuka. Ni vitendo vitatu, na kila kimoja kina neno lake.