Luninga Inaleta Sura, Rafiki Analeta Kitabu

Hebu tuseme ukweli. Wengi wetu tulioishia kidato cha nne hatukupata muziki wala vitabu kwa kuvitafuta. Vilitujia. Ama luninga ya kwa kinyozi ilivitupa mbele yetu tukingoja zamu, ama mshkaji alivileta mwenyewe akasema, "We, sikiliza hiki." Kaka zetu wa Bara hata hiyo luninga hawakuwa nayo. Zanzibar walikuwa na ya kwao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, lakini huku vituo vya kwanza vilikuja 1994. Kabla ya hapo ilikuwa redio na kanda za kuazimana, na kanda ikiliwa na mashine ugomvi wake si mdogo.

Nataka kuzipima njia hizi mbili. Sababu yangu ni ya kibinafsi kabisa: naandika riwaya, niko sura ya sita, na ningependa kujua itamfikiaje msomaji siku ikiisha.

Chukua Bi Kidude. Alifariki Aprili 2013, lakini luninga haijamwacha. Nimemwona mara nyingi, na karibu kila mara ni yale yale: umri wake, sigara yake, ngoma yake, na ile tuzo ya WOMEX ya 2005. Anaonyeshwa kama maajabu. Wimbo wenyewe unakatwa katikati, mtangazaji anaingia, tunahamia kwenye mpira. Mtu anaondoka pale kwa kinyozi akijua kwamba kulikuwa na bibi mmoja shupavu, ila hawezi kukwambia aliimba nini.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa simu Kariakoo, ndiye aliyenipeleka mbele zaidi. Aliniambia Bi Kidude nyimbo zake nyingi alizipata kwa kumsikiliza Siti binti Saad, halafu akanirushia kwenye simu sahani za zamani za huyo Siti. Jamani! Mara ya kwanza nilisikia mikwaruzo tu, kama mtu anakaanga samaki. Mara ya tatu sauti ikatoka nyuma ya mikwaruzo, fidla na udi vikiifuata, na hapo sikutoka tena.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, akawa anatembeza vyungu mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi. Ana wimbo kuhusu mtu aitwaye Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akatorokea Bara. Kesi ilipofika, waliotiwa hatiani ni wanawake mashahidi, kwa mambo ya pombe. Muuaji yuko huru, mashahidi ndani! Siti hahubiri. Anasimulia tu nani alifanya nini, nani alisema nini mbele ya jaji, na hasira unaipata mwenyewe. Mimi nimesoma riwaya za kurasa mia tatu zisizo na kisa kilichobana namna hiyo. Toka siku ile nimefuta hotuba mbili nzima katika mswada wangu.

Yule fundi hakuishia hapo. Alisema, "Shaaban Robert kamwandikia kitabu huyu." Kweli, kipo: Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kitabu kifupi, chenye Kiswahili cha kuoga nacho, na ni jambo kubwa kwamba mwandishi wa hadhi ile aliona mwimbaji mwanamke anastahili wasifu. Lakini nina neno nacho. Shaaban Robert anamtukuza Siti kuliko anavyomsikiliza. Tabia njema, subira, namna alivyojibu kwa wimbo waliomcheka asili yake, vyote vimo na mausia yake. Yule mwanamke mkali wa wimbo wa Kijiti mimi namsikia zaidi kwenye sahani iliyochakaa kuliko kwenye kitabu. Vichukue vyote viwili, ila sahani ianze.

Sasa tuje kwenye vitabu vya leo. Oktoba 2021 luninga zote zilimtaja Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kwa kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku zile watu walibishana kweli kweli. Ni wetu au si wetu? Ni Mtanzania, ni Mzanzibari, ni Mwingereza? Na uraia pacha je? Mjadala mzuri, sikatai, maana mtu aliyeondoka kwao baada ya Mapinduzi ya 1964 ana haki ya kuulizwa na kuuliza. Ila mimi nilikaa pale hadi nywele zikaisha kunyolewa, na hakuna aliyesema ndani ya kitabu chake hata kimoja kuna nini.

Kilichomo nilikijua mwaka uliofuata. Dada mmoja wa mtaani kwetu, anayefanya kazi ya kuchapa barua, alinipa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza 1994. Miaka ishirini na minane ndipo Yusuf akazungumza lugha ya kwao! Dada alinipa na sharti: "Achana na habari za tuzo. Angalia dukani."

Alikuwa sahihi. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz anayemwita mjomba, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Sehemu anapolala barazani na kuuza duka pamoja na Khalil ndiyo roho ya kitabu, kwa maoni yangu. Khalil anacheka, anamtukana, anamfundisha, na taratibu unagundua kwamba na yeye ni wa rehani. Safari ya bara ina kurasa za kutisha, ingawa katikati inachosha kidogo. Anayejua kisa cha Nabii Yusuf atalitambua shati linalochanwa kwa nyuma. Na mwisho, kijana anapokimbilia msafara wa Wajerumani, umewaudhi karibu wote niliowaazima. Mmoja alinijia usiku kunigombeza kana kwamba nimeandika mimi. Luninga haijawahi kunigombanisha na mtu juu ya kitabu.

Peponi yangu hivi sasa iko Mbagala, mkono wa tano. Jalada limetoka, aliye nacho kaligundisha kwa selotepu. Anasema yuko njiani kwenda kwa Chatu, na nyuma yake wanangoja wawili.