Nani Alilifunga Soko? Sera, Siasa na Ajira katika Tamthilia ya Kigogo

Mtahiniwa anapoulizwa swali kuhusu ukosefu wa ajira, mara nyingi huandika orodha: huyu hana kazi, yule anauza pombe, yule mwingine ameteseka. Orodha hiyo humpa alama mbili tatu, kisha kalamu inakwama. Ameeleza hali bila kugusa chanzo chake. Makala hii inadhamiria kukuonyesha, wewe mwalimu na wewe mtahiniwa, kwamba katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea kazi haikosekani jinsi mvua inavyokosekana. Huondolewa kwa amri, kisha hurudishwa kwa hisani. Hoja hii tutaipima kwa historia ya mji wa Isiolo, ambayo inatupa sababu ya kuisifu tamthilia na pia sababu ya kuihoji.

Ni kweli kwamba Kigogo ilitahiniwa hadi 2022, kisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ikachukua nafasi yake. Hata hivyo, njia ya kusoma tunayoipendekeza hapa inafaa kwa kitabu chochote kilichoko mezani pako.

Tuanze na Soko la Chapakazi. Jina hili ni majazi, kwani linawaagiza watu wachape kazi. Kinaya ni kwamba mtawala yule yule anayetaka raia watii na wajitegemee ndiye anayelifunga soko wanakochapia hiyo kazi, akikusudia kujenga hoteli ya kifahari. Wachuuzi wa Sagamoyo hawakuwa wavivu. Walikuwa kazini hadi siku amri ilipotoka. Mtahiniwa akiishia kuandika kwamba 'soko limefungwa', amesimulia tu. Akiandika kwamba uamuzi wa kisiasa umewageuza wafanyakazi kuwa waombaji, hapo amehakiki.

Tazama sasa jinsi kazi zinavyorudi. Ashua amesoma hadi chuo kikuu, lakini riziki yake ilikuwa sokoni. Soko linapofungwa na watoto kukosa chakula, analazimika kwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada, naye anaishia kizuizini. Boza na Kombe wanapata kazi ya kuchonga vinyago vya sherehe ya uhuru. Sudi anaikataa kwa kuwa anajua bei yake ni kumtukuza mtu asiyestahili. Asiya anapewa kibali cha kupika na kuuza pombe haramu. Kwa hivyo, kazi halali inapigwa marufuku na ile haramu inapewa kibali. Katika mifano hii yote, swali si nani anaweza kazi. Swali ni nani yuko karibu na mwenye nguvu, na yuko tayari kulipa nini.

Je, haya ni ya Sagamoyo peke yake? Hebu tuje Isiolo. Mji huu ulikuwa lango la iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na wakati wa ukoloni mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka eneo hilo bila kibali. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa huko mwezi uo huo, na Vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Katikati ya vita hivyo serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965. Waraka huo ulielekeza fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, kwa matumaini kwamba faida ingewafikia wengine baadaye. Maeneo ya wafugaji hayakuwa na sifa hizo. Bila barabara, ng'ombe hauziki kwa bei nzuri. Bila shule, kijana hana cheti cha kupeleka ofisini. Soko la Isiolo lilifungwa nusu kabla halijafunguliwa, na aliyelifunga hakuvaa joho la udikteta. Alikuwa karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya adabu.

Hapa ndipo tunapoihoji Kigogo. Mwandishi ametupa Majoka, nasi tunamchukia kwa urahisi kwa sababu ana sura, sauti na jina la nyoka. Mbinu hiyo hufaa jukwaani, lakini inaweza kumdanganya msomaji mchanga aamini kwamba akiondoka mtu mmoja, kazi zitarudi. Sera haina uso wa kuzomewa. Aliyeitunga anaweza kuwa alishaondoka madarakani, na bado ikaendelea kumnyima mjukuu kazi. Mstahiki Meya, tamthilia ya Arege iliyotangulia Kigogo katika orodha ya kutahiniwa, inalisogelea jambo hili zaidi. Humo tunamwona Meya pamoja na baraza na vikao vyake, huku wafanyakazi wakigoma na taka zikirundikana mjini.

Isitoshe, sera inaweza pia kufungua mlango. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa 2008, iliitaja Isiolo miongoni mwa miji ya kitalii itakayojengwa. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, uliifanya kuwa njia panda ya barabara na reli. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Kwa mji wanakoishi Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, kanuni hiyo si pambo. Lakini ahadi na utekelezaji ni mambo mawili. Kichinjio cha kisasa cha Isiolo kilianza kujengwa kabla ya ugatuzi wa 2013, na miaka kadhaa baadaye kilikuwa bado hakijaanza kazi. Sera iliandika kazi. Siasa ikaamua zije lini na zimfikie nani. Sagamoyo haina tofauti hiyo, kwa kuwa sera na siasa ziko katika kiganja kimoja cha Majoka.

Mtahiniwa, kila unapokutana na kazi katika kitabu, jiulize maswali manne. Nani ameitoa au kuiondoa? Kwa amri gani? Anayeipata analipa nini? Nani amefungiwa nje? Jibu kila swali kwa tukio la kitabuni, kisha taja athari yake kwa mhusika. Mwalimu naye awape wanafunzi nafasi ya kuyauliza maswali hayo kuhusu mji wao wenyewe. Kijana wa Isiolo ambaye ameambiwa miaka nendarudi kwamba hana kazi kwa uzembe wake anastahili kujua kwamba kuna uamuzi ulioandikwa, tena wenye tarehe. Kilichoamuliwa kinaweza kuamuliwa upya.

Swali la marudio: 'Katika Sagamoyo kazi ni hisani, si haki.' Thibitisha kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Kigogo. (Alama 20)