Majina Yenye Wenyewe

Fundi ninayemsifu hapa hutengeneza tovuti za WordPress, na kabla hajagusa kiolezo hufungua daftari la mistari akaandika majina ya kila atakachokihitaji. Nimekaa pembeni yake mara nyingi, na kazi hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Chukua fomu ya kuomba nafasi shuleni. Mwenye haraka ataviita visanduku vyake "name" na "year", kwani si vinauliza jina na mwaka? Mzazi anajaza, anabonyeza Tuma, anajibiwa 404: ukurasa haupatikani. Na ndio huohuo aliokuwa akiutazama! Kumbe maneno hayo yana mwenyewe. Kwa WordPress, "name" ni jina la makala katika anwani, na "year" ni mwaka ilipochapishwa. Ikiletewa Amina na 2014, inakwenda kutafuta makala iitwayo Amina ya mwaka 2014, inarudi mikono mitupu.

Daftarini mwake mna "shule_jina" na "shule_mwaka". Kila jina analolitunga hulitanguliza na ukoo wake, lisigongane na la mfumo wala la programu-jalizi itakayokuja kesho. Aina mpya ya maudhui hairuhusiwi jina la zaidi ya alama 20, basi nilimwona akilihesabu "shule_matokeo_ya_mitihani" kwa ncha ya kalamu. Zilifika 25. Akakata, ikabaki "shule_matokeo".

Lakini ustadi wake huonekana hasa kwenye $post. Hicho ndicho kigeu kinachobeba makala inayosomwa wakati huo. Ukipitisha habari tatu za pembeni kwa jina hilohilo, usipolirudisha kwa mwenyewe, sehemu ya chini ya ukurasa wa ada itaonyesha kichwa cha habari ya tatu, na utakesha ukitafuta kosa mahali pasipo na kosa. Yeye hutumia $habari. Ila zipo kazi zisizokwenda bila $post yenyewe. Hapo huanza kwa kuandika mstari wa kuirudisha, wp_reset_postdata(), huku juu yake bado patupu. Kisha hupandisha kishale na kuijaza kazi ya katikati taratibu, kama mtu aliyeazima sufuria ya jirani akijua tayari saa ya kuirudisha.